WAJANE WALIOSAHAULIWA

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-6



Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likikua, waamini wakizidi siku hata siku, na katika kuzidi huko yakatokea manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika mgawo wa kila siku. Hakuna aliyewafukuza. Watu walikuwa wengi, nao wakasahauliwa.

Ndugu zangu, mkoa wetu nao unaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,743,830 katika Mara; ile ya 2022 ikahesabu 2,372,015. Tazameni siku ya Jumapili jinsi watoto walivyojaa. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wingi wa watoto waweza kutufumba macho. Katika Tanzania nzima, wenye miaka 60 na zaidi hawafiki 6 katika kila watu 100, na fungu hilo halikubadilika sana kati ya sensa hizo mbili. Mtu akisikia hayo husema, wazee ni wachache. Kumbe wameongezeka kutoka kama milioni 2.5 hadi kama milioni 3.5! Hatuwaoni kwa sababu watoto nao wamezidi.

Nenda vijijini ukaone. Kijana wa Butiama amekwenda kutafuta dhahabu, wa Bunda amepanda basi la Mwanza, wa Musoma amefuata samaki visiwani. Nyumbani amebaki bibi na wajukuu. Yeye ndiye alimaye, ndiye atekaye maji, ndiye aitwaye shuleni mtoto akikosa. Zanzibar, tangu mwaka 2016, mzee wa miaka 70 hupata pensheni ya Serikali hata kama hakuajiriwa. Huku kwetu mkulima huzeeka akiwategemea wanawe, na mwana akinyamaza, mzee hana mwingine. Tena katika mikoa hii ya ziwa, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni huitwa mchawi, na wako waliouawa kwa neno hilo. Mkristo alisikiaye akanyamaza, je, mikono yake ni safi?

Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, Watanzania walijifunza neno la kwao Butiama: kung'atuka. Ni neno la Kizanaki, la rika la wazee kuwaachia wadogo madaraka. Lakini aliyeng'atuka huacha kazi tu. Haachi kuwa mzee wa watu.

Sasa, Mitume walifanya nini? Hawakuwaambia wajane wavumilie. Walitaka wachaguliwe watu saba, na majina yao yote saba ni ya Kiyunani. Kazi walipewa wale waliojua lugha ya wajane na milango yao.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila mtaa uandike majina ya wazee wake: nani anaishi naye, nani humtekea maji, nani hawezi tena kufika kanisani kupokea Ushirika Mtakatifu. Kisha wachaguliwe watu, wanaume na wanawake, ambao Jumapili wataulizwa: Je, mmemwona? Nanyi vijana mlio mbali, kutuma fedha kwa simu ni vema, ila mama yenu anataka pia kusikia sauti yenu, na kuwaona kabla ya siku ya mazishi.

Watoto tunaowabatiza mwaka huu watatimiza miaka 60 wakati wengi wetu tumekwisha kuzikwa. Hao ndio watakaokuwa wazee wa Mara, tena kwa wingi ambao mkoa huu haujapata kuuona. Leo wanatutazama jinsi tunavyomtendea bibi yao, na wanalolijifunza kwetu ndilo watakalowafundisha wana wao.

Mungu aliyemkumbuka Naomi katika uzee wake atupe macho ya kuona. Amina.