Mwenda Tezi na Omo, Marejeo ni Ngamani

Wengi huifasiri methali hii kwa haraka: zunguka utakavyo, mwisho utarudi kwenu. Ni kweli, lakini mabaharia walikusudia zaidi ya hapo. Tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele, na ngama ni kule chini tumboni, ambako maji yanayopenya kwenye mbao hujikusanya mpaka yakumbwe. Si mahali pa kupunga upepo. Pana giza, pananuka mafuta ya papa, na anayeshuka huko ameshukia kazi.

Tena, aliye tezi na aliye omo wote wamo chomboni. Ndiyo maana methali hii ina huruma kuliko ile ya mkataa kwao mtumwa, ambayo hushitaki kabla ya kuuliza mtu aliondokaje. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, maelfu waliondoka Unguja na Pemba, wakaishia Oman, Dubai na Uingereza. Walio wengi hawakukataa kwao. Abdulrazak Gurnah aliondoka akiwa kijana, akasomesha chuo kikuu Canterbury, akaandika kwa Kiingereza, na bado riwaya zake hazichoki kurudi pwani hii. Alipopata nafasi ya kurejea Zanzibar mwaka 1984, alimkuta baba yake hai. Mzee alifariki muda mfupi baadaye. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2021, lakini sidhani kama ina uzito wa kuwahi kumwona baba.

Kurejea na familia ni jambo jingine. Pale uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, mzaliwa wa mtaa wa Malindi, Unguja, mwenye pasipoti ya Uingereza hupanga foleni ya wageni pamoja na wanawe, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akifika mtaani, wazee wa barazani hawamuulizi kazi wala mshahara. Wanawatazama watoto, kisha: "Hawa wana wa nani?" Baba anataja jina lake, la baba yake, la babu yake, mpaka mzee mmoja aitikie, "Ahaa! Basi ni wetu." Watoto wenyewe ndio kwanza wanayasikia majina hayo.

Na maji ya ngamani hayamngoji msafiri. Miaka yote hiyo wazazi wameugua, wengine wamezikwa. Mirathi ya nyumba haijagawiwa, na dada aliyebaki amekumba maji peke yake. Akimpokea kaka yake kwa maneno makali kidogo, ana haki. Anayekuja wiki mbili, akalala hoteli ya Nungwi, akapiga picha Forodhani na kuondoka, huyo hakurejea ngamani. Amehama kutoka omo kwenda tezi, basi.

Kwa hiyo, wewe unayekata tiketi za familia nzima mwaka huu, ufukwe usiwe wa kwanza. Wapeleke watoto kwa shangazi yako, wakae naye mkekani awahesabie ukoo, nawe umuulize kimepungua nini nyumbani. Halafu ukitoe.