Ardhi Ikataayo Mvua

Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari, nayo imo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, Mtume amefananisha elimu na uongofu aliotumwa nao na mvua iliyoangukia ardhi za namna tatu: moja ikanywa ikaotesha, ya pili ikayaweka maji kwa manufaa ya watu, na ya tatu haikuweka wala haikuotesha. Mawaidha mengi yatolewayo juu ya hadithi hii huishia katika kuwagawa waja mafungu matatu, kana kwamba kila mmoja amezaliwa na fungu lake na atazikwa nalo. Nami sitosheki na ufasiri huo, kwa kuwa ardhi yenyewe, ikihojiwa na walioichungua, haitoi ushahidi wa namna hiyo.

Iko ardhi isiyo mwamba wala bwawa la chumvi, bali ni mchanga mlegevu unaoelekea kuwa tayari kupokea lolote, na juu ya hayo tone la maji likidondoshwa juu yake hubaki duara kama umande juu ya jani la gimbi. Wataalamu huipima inadi hiyo kwa muda: tone likizama kabla ya sekunde 5, ardhi huhesabiwa kuwa yanywa, likikawia zaidi, huhesabiwa kuwa yakataa, na ziko ardhi ambazo tone hukaa juu yake kupita saa nzima. Hali hii imeenea katika mashamba ya kusini na magharibi ya Australia, katika vilima vya mchanga vya pwani ya Uholanzi, na chini ya mikaratusi ya Ureno. Sababu yake ni utando mwembamba wa nta na mafuta, uliotoka katika majani, mizizi na kuvu, ukaivika chembe moja moja ya mchanga. Maana yake ni kwamba kinachoyazuia maji ni mabaki ya uhai ule ule ambao maji yaliulea.

Tumezoea kudhani kuwa moyo usiopokea ni moyo uliokosa heri tangu asili. Kumbe mchanga safi, usiopata kuota kitu, hunywa maji bila taabu, na ule uyakataao ni ule uliokwisha kuneemeshwa. Mcha Mungu aliyeanza kuitazama ibada yake kwa jicho la kuridhika, na mwanachuoni ambaye hawezi tena kufundishwa na aliye mdogo wake, hawakunyimwa mvua. Walipewa nyingi, wakaota, na kutokana na majani yao wenyewe likatoka vazi lililowafunika. Kurani, katika Sura ya Mutaffifin, imetaja kutu iliyo juu ya nyoyo, nayo ni chumo la wenye nyoyo wenyewe. Wala si jambo dogo kwangu kwamba katika kizazi cha Abu Musa yule yule alitoka Abul-Hasan al-Ash'ari, mzaliwa wa Basra wa karne ya 9, aliyefundisha kuwa Mungu ndiye muumba wa matendo na mja ndiye mwenye kuyachuma.

Katika milima ya kusini ya California watafiti wamebainisha, tangu miaka ya 1960, jambo la kutisha zaidi. Kichaka kikiungua, nta hugeuka mvuke, na sehemu yake hushuka ardhini ikagandamana na chembe zilizo baridi. Huku juu, joto likipita kiasi cha digrii 280, nta huteketea. Mvua ijapo, uso wa ardhi huinywa kwa sentimita chache, kisha maji hukutana na tabaka lililojificha, na udongo ulioloa huteleza juu yake ukashuka mlimani. Basi aliyeunguzwa na msiba huweza kuonekana laini, mwepesi wa machozi, na wanaomhubiria wakamzidishia maneno mazito wakati ambapo uzito ndio utakaomporomosha.

Lakini lililo kubwa ni hili, kwamba ardhi hiyo hukataa zaidi ikiisha kukauka, na ikinyeshewa polepole kwa siku nyingi hulegea ikanywa. Hata shamba moja, katika mwaka mmoja, huwa ardhi ya kwanza na ya tatu. Kukataa ni hali, si dhati. Sisemi kwamba mja hana lawama, kwani chumo ni lake. Nasema kwamba hukumu ya kudumu haikuwekwa mikononi mwetu.

Wakulima wa kusini mwa Australia hawakuulaani mchanga wao. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 wamekuwa wakimwaga juu yake udongo wa mfinyanzi, tani 100 na zaidi kwa hekta moja, ili chembe zilizovikwa nta zipate kufunikwa na kitu kipendacho maji. Na mahali ambapo mfinyanzi hauko mbali, huuvuta juu kwa meno marefu ya chuma kutoka chini ya mchanga ule ule. Kazi hiyo ni ya gharama na subira, kwa sababu mfinyanzi sharti uchanganywe na mchanga hadi chini, na anayeumwaga kisha akauacha juu hupata gamba jipya, gumu, ambalo mvua hupita juu yake ikaenda zake.