Kuingizwa Mjini

Mtu akishuka treni Dar es Salaam na begi lake mkononi, mji haumuulizi jina wala kwao. Unamuuliza: "Teksi, bosi? Teksi, mama?" Na yeye moyoni anajiuliza lake: nipande, au niende kwa miguu? Wengi wataona hili ni swali la mfuko tu. Mwenye nazo apande, asiye nazo atembee, yamekwisha. Mimi nakuomba, ndugu msomaji, univumilie kidogo, kwani naona ndani ya swali hilo kuna jingine la haki, na wanaopaswa kulijibu si wasafiri. Ni sisi wenyeji.

Kwanza tuelewane ni stesheni ipi. Sisemi Tazara. Ile iko Barabara ya Nyerere, kilomita kadhaa kutoka katikati ya mji, na mtu aliyetoka Mbeya na magunia yake akishuka pale hana la kujadili. Nasema Stesheni yenyewe, ya Reli ya Kati, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Na pia stesheni mpya ya treni ya umeme, iliyoanza kwenda mpaka Dodoma mwaka 2024. Hizo mbili zimo mjini hasa. Mnara wa Saa ni pale, Mnazi Mmoja ni pale, na gesti za Mtaa wa Libya au za Kariakoo upande wa Gerezani ni mwendo wa robo saa hivi kwa mtu asiye na haraka na asiye na mzigo mkubwa.

(Nasema gesti makusudi. Sehemu nyingi za nchi hii hoteli ni mahali pa kula. Mgeni akisema "nipeleke hoteli" anaweza kushushwa mbele ya chai na chapati, au, dereva akiwa mjanja, mbele ya jengo la ghorofa la ufukweni ambalo kahawa yake peke yake inakaribia nauli ya kumrudisha kwao.)

Basi hapo getini wanakutana watu wawili. Mmoja anajua kwamba gesti ni hapo tu. Mwingine hajui. Yule anayejua ndiye anayeuza safari.

Kiswahili chetu cha mtaani kililiona jambo hili zamani. Mtu akidanganywa akatoa hela yake bure tunasema "ameingizwa mjini". Hebu lisikilize tena neno hilo. Halisemi ameibiwa. Linasema ameingizwa mjini, yaani kama vile kupunjwa ndiyo mlango wa kuingilia, ada ya kiingilio, na ukishalipa wewe nawe ni mwenyeji, subiri wako aje umwingize. Ndiyo maana mji wenyewe tukauita Bongo. Na methali ya wazee, mgeni njoo mwenyeji apone, nayo tumeigeuza bila kuibadili hata herufi moja. Mwenyeji anapona kweli siku hizi, tena anapona mfukoni.

Chukua mama mmoja kutoka Kigoma. Amesafiri kilomita zaidi ya 1,200 amekaa, miguu imevimba, na pesa yake imefungwa kwenye ncha ya kanga. Ana mgonjwa Muhimbili, atamwona kesho asubuhi. Usiku huu anataka kitanda cha bei nafuu Kariakoo. Dereva anamwambia elfu kumi. Hakusema ni mbali. Hakusema ni karibu. Ametaja bei, mama akakubali, gari likazunguka kona mbili tatu likafika. Je, dereva amesema uongo? Kwa maneno, hapana. Hakuna neno lake hata moja unaloweza kulipeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi. Lakini muulize mama huyo kesho yake, atakapotoka kwa miguu kununua mkate akakuta Stesheni ile pale inamtazama.

Nina baba mdogo dereva wa teksi, kwa hiyo sitaki mtu adhani nawazungumzia madereva kama watu wa sayari nyingine. Gari analoendesha si lake. Kuna tajiri, na kila jioni tajiri anataka hesabu yake. Mvua inyeshe, foleni ikae, abiria wasipande, hesabu iko palepale. Mafuta ni juu ya dereva, na kinachobaki ndicho kinachokwenda nyumbani. Siku nyingine hakibaki kitu. Ukishindwa hesabu siku tatu nne mfululizo, gari anapewa mwingine, na wewe unabaki kijiweni kuomba deiwaka. Mtu wa namna hiyo unapomwambia awaeleze abiria kwamba safari yao haina haja ya gari, unamwambia afunge duka lake mwenyewe. Na zaidi ya hayo, yeye anasema: "Mimi siuzi umbali. Nauza gari. Anayetaka kujua umbali kuna mapolisi pale, aulize."

Nilimpa kisa kimoja nilichokisoma Maktaba Kuu, katika kitabu cha Mrumi aitwaye Cicero, alichokiandika juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara anatoka Alexandria na meli ya ngano, anafika kisiwa cha Rhodes na kukuta njaa, watu wako tayari kulipa bei yoyote. Lakini yeye njiani aliona meli nyingine zimejaa ngano zinakuja kulekule. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawagonganisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babylon anaona kunyamaza si kuficha; muuzaji aseme kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, basi, mengine si deni lake. Mwanafunzi wake Antipater anakataa: wewe ni binadamu mwenzao, unajua jambo linalowafaa, unawezaje kuwanyima? Cicero mwenyewe anaamua kwamba mfanyabiashara yule hakupaswa kuficha.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo wa ngano meli ilikuwa yake?"

Nikasema kitabu hakijasema, lakini yaelekea ngano ilikuwa yake.

"Basi msinifananishe naye. Yeye akisema kweli anapata faida kidogo. Mimi nikisema kweli nalala na njaa, na tajiri analala na hesabu yake."

Naona ni jibu zito, kwani linaonyesha kwamba ukweli hauna bei moja kwa watu wote. Mwenye meli anaulipia kwa faida, mwenye gari la tajiri anaulipia kwa ugali wa watoto. Ni rahisi sana kuwa mkweli ukiwa na akiba. Lakini bado halimalizi neno, kwani mama wa Kigoma naye hana meli. Hapa maskini anakula kwa maskini, na tajiri, ambaye hata Stesheni hafiki, ndiye pekee asiyeulizwa swali lolote la maadili. Sijui kwa nini insha zetu nyingi husahau kumuuliza yeye.

Katika kulitafakari nikakumbuka jambo la chuoni. Mwalimu alipotusomesha habari za biashara, alitufundisha katazo ambalo wakati ule niliona halinihusu kabisa, kwa sababu lilitaja misafara ya ngamia. Mtume (S.A.W.) alikataza watu wa mjini kutoka nje kuilaki misafara kabla haijafika sokoni. Sababu yake ni wazi. Aliyetoka mbali na bidhaa hajui bei ya soko. Anayemlaki njiani anaijua. Na ikishatokea, mwenye bidhaa akifika sokoni akajionea mwenyewe, ana hiari ya kuvunja mauziano.

Angalia jinsi katazo hilo lilivyo la akili. Halikukataza faida. Halikumwambia mtu wa mjini akae kimya asinunue. Lilichokataza ni kumwahi mtu kabla macho yake hayajafika. Kulaki, neno ambalo kwetu ni la heshima, la kumpokea bwana harusi na mahujaji, pale likawa kosa, kwa kuwa aliyelakiwa bado ni kipofu.

Sasa rudi Stesheni. Ubaya uko wapi hasa? Kwangu mimi hauko kwenye elfu kumi. Uko pale kijana anapopenya mpaka karibu na behewa, anamshika mama begi, "lete nikusaidie", mbio mbio, na begi likishaingia kwenye buti mazungumzo yamekwisha. Mama hakupewa nafasi ya kusimama nje ya geti, kupumua, kutazama barabara, kuona watu wanavyotembea na mizigo kuelekea Mnazi Mmoja, kumuuliza muuza maji. Angesimama hapo dakika tano, akaona, kisha akasema "miguu inaniuma, nipeleke", basi hata elfu kumi ingekuwa halali yake dereva. Amenunua kupumzika, na kupumzika kuna bei. Lakini aliyechukuliwa kabla ya kuona hakuchagua chochote. Tunasema alikubali. Alikubali nini?

Mtu atasema zama hizo zimepita, simu zimemaliza ubishi. Ni kweli Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016 ilileta kitu kigeni: bei na njia vikaonekana kabla hujapanda. Yale ambayo dereva alikuwa akiyajua peke yake yakahamia kiganjani mwa abiria. Lakini mama wa Kigoma ana kitochi. Na kijana mwenye simu kubwa, nani atamshauri aitoe getini, kwenye msongamano ule, aanze kuzungusha ramani? Atakuwa ameingizwa mjini kwa njia nyingine.

Na usiku je? Hapo namwachia baba mdogo uwanja wote. Treni ikichelewa ikafika saa nane ya usiku, anayemwambia mgeni "ni karibu, tembea tu" anaweza kuwa anamtuma kwa vibaka. Mita ni zilezile, robo saa ni ileile, lakini neno "karibu" halina tena maana ya mchana. Kwa hiyo nikisema tuwaambie wageni ukweli sina maana ya kuhesabu hatua. Ukweli wa saa nane ya usiku ni huu: ni karibu, lakini usiende kwa miguu. Anayetoa nusu ya kwanza akabakiza ya pili hana tofauti sana na yule aliyenyamaza.

Hata hivyo nimewasema madereva vya kutosha, na wao angalau wana njaa ya kujitetea nayo. Sisi wengine tuna nini? Nazungumza na vijana wenzangu, tunaoegemea ukuta pale nje, wauza vocha, wauza maji, waliomaliza shule wanangoja ajira, na sisi tunaojiita waandishi na madaftari yetu makwapani. Tunamwona mama anaingizwa kwenye gari. Tunajua. Hatupotezi hata senti tukisema. Tunanyamaza. Ukimuuliza mtu sababu atakwambia, "Usimharibie mwenzako riziki." Neno riziki likishatajwa kila mtu anainamisha kichwa, kama limeshuka kutoka mbinguni likiwa limeandikwa jina la dereva. Na ya mama, iliyofungwa kwenye kanga, si riziki?

Lakini tusijifanye jambo ni jepesi. Dereva yule ni jirani. Usiku mtoto wako akishikwa na homa ndiye utakayemgongea mlango, na atakupeleka Muhimbili kwa mkopo. Mama wa Kigoma hutamwona tena maishani. Kumtendea haki mtu usiyemjua kwa kumkosea unayemjua, huo ndio mtihani, na sijaona mwanafalsafa wa kitabuni aliyewahi kukaa mtaa mmoja na muuza ngano. Mimi nasema nimwambie mama. Nasema hivyo nikijua kwamba mtaani kwetu wananiita mnoko, na kwamba kuna dereva mmoja ambaye hanisalimii.

Kuna kundi la tatu siku hizi, vijana wanaouza neno lenyewe. Unauliza Mtaa wa Libya uko wapi, unaambiwa "toa buku kwanza". Kubeba begi ni kazi, alipwe, tena alipwe vizuri kwa jua lile. Lakini kunyosha kidole? Baba mdogo anasema hapo sina hoja, kwani kama yeye kusema "ni hapo tu" kunamgharimu abiria, basi neno hilo lina thamani, na chenye thamani huuzwa. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa.

Yeye mwenyewe, nimemsikia juzi na mzee mmoja aliyeshuka na mabegi mawili. Mzee aliuliza kama Kariakoo ni mbali. Zamani jibu la kijiwe zima lilikuwa "si mbali sana", maneno matatu ambayo hayajawahi kumsaidia mtu yeyote. Safari hii baba mdogo alisema, "Ni karibu, mzee wangu. Lakini jua hili, na mabegi hayo mawili?" Mzee akatazama barabara, akatazama mabegi, akaanza kupunguza bei. Walifika elfu nne. Nilipomtania baba mdogo jioni kwamba amemfuata Antipater, alisema hamjui huyo mtu, na kwamba hesabu ya siku ile haikutimia.