Upepo Uliozibwa na Bei ya Tokeni

Kila mwaka ifikapo Februari, mazungumzo ya Eastlands hugeukia stima. Kwa kinyozi Donholm, kwenye kibanda cha M-Pesa Umoja, baada ya chama Komarock, mtu atataja tokeni alizonunua na mwenzake atashtuka. Nyumba zetu si ramani moja? Mbona wewe elfu moja inakufikisha mwisho wa mwezi, na mimi tarehe kumi na tano mita inalia? Hapo hukumu huanza. Huyu ataambiwa watoto wake hawazimi taa. Yule ataambiwa friji yake imezeeka. Mpangaji ataambiwa feni ni anasa, kwani wazee walilala na nini?

Hukumu hizo hutolewa haraka mno. Nyumba mbili za ramani moja zinaweza kutofautiana kwa matumizi bila yeyote kubadhiri chochote, kwa sababu moja bado inapata upepo na nyingine imezibiwa upepo wake na ghorofa la jirani. Hilo likikubaliwa, swali halihusu tena ubahili na ubadhirifu. Linahusu haki: anayejenga kwenye kiwanja chake mwenyewe, kwa pesa zake mwenyewe, ana deni gani kwa yule anayezibiwa upepo? Na upepo wenyewe, ambao hakuna binadamu aliyeuumba wala kuununua, ni wa nani?

Kwanza hesabu, maana hapa maadili na shilingi haviachani. Katika bei za msingi zilizoanza kutumika Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, iliwagawa wateja wa nyumbani katika ngazi tatu. Anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12.22 kwa yuniti. Anayevuka 30 hadi 100, shilingi 16.30. Anayepita 100, shilingi 20.97. Juu ya hapo huja gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya umeme vijijini na VAT. Ukivuka ngazi, yuniti zako zote hupanda bei, hata zile 30 za kwanza.

Sasa tuseme kuna familia ndogo katika bedsita Kayole, yenye taa, televisheni, pasi ya Jumapili na simu za kuchaji, inayotumia yuniti 25 kwa mwezi. Kwa bei ya msingi ni kama shilingi 305. Joto linapokolea, wananunua feni ya kusimama ya wati 60. Ikizunguka saa kumi kwa siku, itakula yuniti 18 kwa mwezi. Jumla sasa ni 43, na ngazi imevukwa. Bili ya msingi inafika takriban shilingi 700. Yuniti hazijafika maradufu, lakini malipo yamepita maradufu.

Tena ngazi haipangwi kwa mwezi mmoja. Kenya Power hutazama wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyotangulia, na kiangazi cha Nairobi, kuanzia Januari hadi Machi, kinatoshea humo barabara. Mvua za masika zinapoanza na feni kurudishwa juu ya kabati, familia ile bado inaweza kujikuta katika bei ya juu.

Walio kwenye ploti za mita moja wana shida zaidi. Vyumba kumi na viwili vinavyotumia yuniti 20 kila kimoja vinafikisha 240 kwenye mita ya mwenye ploti, na mita hiyo haijui kama ni kaya kumi na mbili za watu wa kipato cha chini au ni nyumba moja ya mtu mwenye bwawa la kuogelea. Wote wanatozwa bei ya ngazi ya juu kabisa. Nafuu iliyokusudiwa mnyonge inaishia mlangoni. Wapangaji wanalijua hili vizuri, ndiyo maana ugomvi wa feni kwenye ploti huwa mkali: feni ya chumba namba nne inalipiwa na chumba namba saba.

Hata hivyo kiini cha jambo hakiko kwenye mita. Nairobi si Mombasa. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na hata mchana wa Februari ukichoma, usiku hupoa. Katika hali ya hewa kama hiyo nyumba ya mawe haihitaji mtambo wowote. Inahitaji madirisha mawili yanayotazamana na nafasi ya hewa nje ya kila moja. Ukuta unaonyonya joto mchana kutwa utalitema usiku, hewa ya baridi italichukua, na asubuhi chumba kitaanza upya. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940 bila ghorofa, zikizunguka viwanja wazi na miti, zinafanya kazi hiyo hadi leo bila senti ya stima. Buruburu ya miaka ya 1970, yenye paa za vigae na bustani ndogo mbele, ilifanya vivyo hivyo kwa wenye nyumba wa kipato cha kati waliokuwa wakilipa rehani zao.

Anayepita Buruburu leo ataona kilichotokea. Bustani imekuwa duka, ua wa nyuma umekuwa vyumba vya kupanga, na kiwanja cha nyumba moja kimesimamisha ghorofa tano. Dirisha la jirani aliyebaki na nyumba ya asili, lililokuwa likitazama mti, sasa linatazama plasta. Ukinyoosha mkono kutoka jikoni kwake unaugusa ukuta ule, na saa mbili za usiku bado una vuguvugu. Huyo ndiye anayeambiwa na wenzake kwamba hajui kubana matumizi.

Pipeline na Tassia, kule Embakasi, jambo limefika ukomo wake. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011 kuhusu miji ya majengo ya kupangisha, aliilinganisha Nairobi na Berlin ya karne ya 19, iliyokuwa na sifa mbaya kwa kuwabana wafanyakazi katika majengo marefu yenye nyua za ndani zisizo na jua. Hata Berlin ile, kwa kanuni ya ujenzi ya 1853, ililazimisha ua wa ndani uwe na upana wa kama mita 5.3, ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Kuna vichochoro vya Pipeline ambavyo watu wawili wenye mitungi ya maji hawapishani. Wapangaji wa ghorofa za chini huwasha taa saa sita mchana. Wanalipia mwanga wa jua, na wanalipia upepo.

Kwenye mitaa ya nyumba za mabati hali ni nyingine lakini joto ni lile lile. Watafiti waliotundika vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru katika kiangazi cha 2015 hadi 2016 walikuta vitongoji hivyo vina joto kupita kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kwa digrii kadhaa. Joto linalotangazwa redioni kila jioni si joto la watu wote.

Dini zina la kusema hapa, tena kwa uwazi usiotarajiwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, yale yale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na wa Majengo, Pumwani. Katika Ihya Ulum al-Din, kwenye mlango wa haki za jirani, ananukuu hadithi inayozitaja moja baada ya nyingine: kumsaidia akiomba msaada, kumkopesha, kumtembelea akiugua, kufuata jeneza lake. Kisha, katikati ya haki hizo zinazojulikana na kila mtu, linakuja katazo la kuinua jengo juu ya jirani hata ukamzibia upepo, ila kwa idhini yake. Baada yake linafuata katazo la kumuudhi kwa harufu ya chungu chako bila kumchotea kidogo. Wanazuoni wa hadithi wameona mlolongo wa wapokezi wake ni dhaifu, na hilo lazima lisemwe. Lakini maana yake ilikubalika kiasi cha kuingia katika kitabu kinachosomwa hadi leo, na inaonyesha kwamba zamani sana watu waliuona upepo kuwa kitu ambacho jirani anaweza kunyang'anywa.

Torati nayo haikuacha ujenzi nje ya dini. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa, asije akaletea nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka. Kwa wapangaji wanaoanika nguo juu ya maghorofa ya Kariobangi, hilo ni agizo la kila siku. Msimamo wa maandiko haya ni mmoja: jengo linamfuata mwenyewe hadi kwenye hesabu yake mbele ya Mungu, hata madhara yakimpata mtu asiyemjua.

Kuna sauti ya kupinga, na ni nzito. Majalla, mkusanyo wa sheria wa Dola ya Uthmania uliokamilika 1876 kwa msingi wa fikihi ya Hanafi, ulitenganisha hitaji la msingi na manufaa ya ziada. Kumzibia jirani mwanga kabisa ni madhara makubwa yanayozuiwa. Kumzibia hewa au mandhari si madhara ya kiwango hicho, kwa sababu anapoteza raha tu. Mahakama ya Uingereza ilifika karibu na hapo mwaka 1879, katika kesi ya Bryant na Lefever. Jirani aliinua jengo na kurundika mbao juu yake hadi moshi wa jiko la mwenzake ukakosa pa kutokea, na majaji wakasema hakuna haki ya jumla ya kupata hewa inayopita juu ya ardhi ya mwingine.

Wenye akili walifikiri hivyo, na si kwa ukatili. Walihofia kwamba kila jirani akipewa kura ya turufu juu ya upepo, mji hautajengwa. Mwenye ghorofa wa Umoja ana hoja hiyo hiyo leo: kama kila kiwanja kingebaki na nyumba moja, hao maelfu wanaofika Nairobi wangelala wapi? Wapangaji wake nao ni majirani, na kodi ya kwake ndiyo wanayoimudu.

Lakini hoja hiyo inategemea upepo kuwa raha, na mita inaikanusha. Kitu ambacho kikiondolewa mtu analazimika kukinunua upya kila mwezi, kwa fedha za chakula, hakiwezi kuitwa manufaa ya ziada. Waandishi wa Majalla waliishi katika dunia ya nyumba zenye ua wa ndani. Ukizibiwa upepo wa dirishani, ulibaki na ule wa uani. Bedsita ya Pipeline haina ua. Ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Wakati yuniti 18 za feni zinapomtoa mtu kwenye bei ya mnyonge, mwenye jengo amepata ghorofa mbili za ziada za kodi, na sehemu ya gharama yake inalipwa na watu ambao hawajawahi kumwona.

Sheria ya Kenya yenyewe haijafuata kikamilifu njia ya Waingereza. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri, sura ya 22, kinatambua kwamba jengo lililofaidi mwanga au hewa kwa amani, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka 20 linaweza kupata haki isiyovunjwa. Nyumba nyingi za Buruburu zimepita umri huo zaidi ya mara mbili. Ila haki hiyo inashikamana na jengo na mwenye jengo. Mpangaji aliyehamia mwaka jana, anayetoka jasho usiku na mtoto mchanga, hana njia rahisi ya kuidai. Hapo Ghazali anaitangulia sheria, kwa kuwa jirani wake ni yule anayeishi pale, awe na hati au asiwe nayo.

Neno idhini katika hadithi ile linastahili uzito zaidi ya linavyopewa. Halikatazi ghorofa. Linamlazimisha mjenzi abishe hodi kabla ya kuchimba msingi, akae na wale watakaoathirika, awaeleze urefu na umbali, asikie madirisha yao yako wapi. Mara nyingi kinachohitajika ni kidogo: kusogeza ukuta mita mbili, kuacha kisima cha hewa katikati, kuweka matundu ya hewa juu ya milango, kupaka mabati rangi nyeupe. Mjenzi anayefanya hivyo hupoteza chumba kimoja au viwili vya kodi. Hicho ndicho kiasi cha deni lake, na linalipika.

Sheria ya mipango ya 2019 inadai tangazo kabla ya kiwanja kubadilishwa matumizi, na majirani wana nafasi ya kupinga. Lakini idhini ya aina hiyo huishia kwenye bango la Kiingereza lililofungwa kwenye ua wa mabati. Wapangaji hupita mbele yake kila asubuhi wakienda steji, bila yeyote kuwaambia kwamba linawahusu.

Suala hili sasa linakuwa kubwa kuliko ugomvi wa kuta mbili. Mitaa ya zamani ya kaunti, Maringo, Bahati na Jericho miongoni mwake, imo katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya kwa maghorofa marefu. Safari hii mjenzi ni serikali, na wanaozibiwa au kuachiwa upepo ni mitaa mizima. Kwenye mikutano ya wananchi watu huuliza idadi ya nyumba, bei, na nani atapewa ufunguo kwanza, nayo ni maswali ya lazima. Linalopaswa kuongezwa, na kuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano ili mkandarasi adaiwe jibu, ni hili: kutoka jengo hadi jengo ni mita ngapi, na dirisha la kila chumba litatazama nini?