Mshumaa Ukibaki Peke Yake

Misa ya Jumapili imekwisha. Mama mmoja anabaki nyuma, mbele ya pango la Bikira Maria. Anauinamisha mshumaa, anadondosha matone ya nta juu ya saruji na kuusimika hapohapo kabla hayajaganda. Upepo wa vilima vya Karagwe hauna adabu. Anaukinga moto kwa pindo la kitenge mpaka utulie. Sala yenyewe haifiki dakika tano. Kisha anashuka barabarani kutafuta bodaboda, na mshumaa unaendelea kuwaka juani.

Akishaondoka, nani anasali?

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Wakatoliki wana Jimbo la Kayanga tangu 2008. Walutheri wana Dayosisi ya Karagwe, iliyoanza 1979, makao yake Lukajange. Watu hao wanaoana, wanazikana, wanauziana kahawa na ndizi. Mkatoliki akisema amewasha mshumaa kwa nia ya mtoto anayefanya mtihani, jirani yake Mlutheri ana haki ya kumuuliza: kwani Mungu yuko gizani?

Swali la jirani ni la zamani kuliko Luther. Mwanzoni mwa karne ya 4, maaskofu waliokutana Elvira, Hispania, walikataza kuwasha mishumaa makaburini mchana, wasije wakasumbua roho za watakatifu. Miaka mia baadaye padri Vigilantius wa Galia alilalamika kwamba Wakristo wanawasha mishumaa jua likiwaka, kama wapagani. Mwaka 406 Mtakatifu Jeromu alimjibu kwa ukali wake wa kawaida. Hoja yake, ukiondoa matusi, ilikuwa nyepesi: makanisa ya Mashariki huwasha taa Injili inaposomwa hata mchana kweupe, na si kwa ajili ya kufukuza giza. Ni ishara ya furaha.

Hata hivyo furaha haijibu kila kitu. Mama yule pangoni huenda hana furaha yoyote. Thomas wa Akwino, akizungumzia sala kwa jumla, alifundisha kwamba hatusali ili tumbadilishe Mungu, bali tupate yale aliyopanga yapatikane kwa kuombwa. Ukilipeleka fundisho hilo kwenye mshumaa, moto hauongezi neno lolote mbele za Mungu. Unachofanya ni kumshika mwombaji. Ameacha kitu nyuma yake, na akiwa njiani anajua kinaendelea kuteketea. Shilingi zilizotiwa kapuni zitanunua saruji au mabati. Mshumaa haununui chochote, unaisha tu. Hapo ndipo unapofanana na sadaka ya kweli, na hapo pia ndipo pana hatari, maana anayeamini kwamba mshumaa mrefu unasikika zaidi ya mfupi ameshaanza biashara. Mlutheri yuko macho kwa jambo hilo, na ni vizuri awe macho.

Ila Walutheri nao wamesogea. Mwaka 1968, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipokutana Uppsala, Sweden, kanisa kuu la Kilutheri la mji huo liliwekewa kinara chenye umbo la tufe, waumini wasimike mishumaa midogo ya maombi. Vinara vya namna hiyo vimeenea makanisa ya Sweden. Uppsala si mji mgeni kabisa kwa Kagera, mkoa wenye Karagwe na Bukoba: Bengt Sundkler, askofu wa Kilutheri wa Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964, alikuwa profesa wa chuo kikuu cha huko.

Kwa Wakatoliki, mishumaa hubarikiwa tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Mbiu ya Pasaka husifu kazi ya nyuki, ingawa mshumaa wa dukani siku hizi ni nta itokanayo na mafuta ghafi, hauna nyuki ndani yake. Tarehe 2 Novemba ni zamu ya marehemu. Huku watu wengi huzikwa nyumbani, pembeni mwa migomba, kwa hiyo moto huwashwa hatua chache kutoka mlango wa jiko, na kuku wanapita katikati.

Kipande kinachobaki cha mshumaa uliobarikiwa hurudishwa sandukuni, kungojea kuwashwa siku ya mgonjwa au ya radi. Halafu umeme unakatika. Kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulitoka Uganda, na giza lake limezoeleka. Mtoto ana kazi ya shule ya kumaliza, duka limefungwa, na mshumaa uliopo nyumbani ni ule uliobarikiwa. Wapo akina mama wanaokataa katakata. Wapo pia wanaofungua sanduku, wakafanya ishara ya msalaba, wakauwasha na kuusogeza karibu na daftari.