Mbegu Njema ni Ipi?

Watu wengi wakisikia maneno "mbegu bora" hudhani kwamba ubora ni kitu kilichofungiwa ndani ya mbegu, kama utamu ulivyofungiwa ndani ya sukari. Ukiipata mbegu hiyo, basi. Yaliyobaki ni jembe na mvua. Mimi sikubaliani na dhana hiyo, na katika kurasa hizi chache nitaeleza sababu zangu. Nimechagua mbegu za mafuta, yaani ufuta, alizeti, karanga na jamaa zao, kwa kuwa historia yake ina mafunzo mengi, na kwa kuwa hakuna jiko katika nchi yetu lisilojua thamani ya chupa ya mafuta. Swali langu ni hili: mbegu njema ni ipi, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba ni njema?

Tuanze na ufuta. Ufuta uliokomaa una tabia ya kupasua vifuko vyake na kumwaga punje chini. Mwenye shamba kubwa anayevuna kwa mashine huiona tabia hii kuwa ila kubwa, maana mashine ikigusa shina tu, mavuno huishia ardhini. Mwaka 1943, huko Venezuela, mtafiti aitwaye Derald Langham aligundua ufuta ambao vifuko vyake havikupasuka. Ilionekana kana kwamba tatizo la maelfu ya miaka limekwisha. Kumbe vifuko vile vilifumba mno, hata kupura punje kukawa kazi ngumu, na miche yenyewe ikawa na kasoro nyingine. Ilihitajika kazi ya miongo mingi, iliyoendelezwa na mwanawe Ray huko Texas, hadi ukapatikana ufuta unaoshika punje zake kiasi cha kuingojea mashine, na kuziachia kiasi cha kupurika.

Sasa mtazame mkulima wa Lindi au Mtwara. Yeye hukata ufuta wake kabla haujapasuka, huufunga matita, huyasimamisha yakauke, kisha huyageuza juu ya turubai na kuyakung'uta. Punje humiminika zenyewe. Kwake, kupasuka kwa vifuko ndiko kunakompunguzia kazi. Ukimpelekea ufuta uliofumba kwa jina la maendeleo, utakuwa umemtwisha mzigo mwingine. Tabia ni moja: Texas ni ila, Lindi ni fadhila. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walipotoa aina kama Ziada 94 na Lindi 2002, walikuwa wakimtafutia mbegu mkulima huyo huyo wa turubai na jembe la mkono.

Atasimama mtu aseme: "Mzee, umechagua mfano unaokufaa. Mafuta ni mafuta. Mbegu yenye mafuta mengi haiwezi kuwa mbaya popote." Hoja hiyo ina uzito, na inastahili kujibiwa. Alizeti ni mmea wenye asili ya Amerika ya Kaskazini, lakini aliyeufanya uwe mkubwa miongoni mwa mazao ya mafuta ni Mrusi, Vasily Pustovoit, aliyeanza kazi yake huko Krasnodar mwaka 1912. Katika maisha yake alizeti ya Kirusi ilipanda kutoka kiasi cha asilimia 30 ya mafuta hadi asilimia 50 hivi. Njia yake ilikuwa ya uvumilivu. Mbegu za kila mche aliouchagua alizigawa: fungu moja alilipanda, fungu jingine aliliweka akiba. Shamba lilipokwisha kutoa hukumu juu ya watoto, alirudi ghalani akachukua akiba ya wale tu walioshinda. Hakuuamini mche kwa sura yake. Aliungoja uzao wake.

Hata hivyo, asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi si mafuta yaliyomo ndani ya chupa. Mwaka 1985 fundi wa Kimarekani, Carl Bielenberg, alibuni hapa Tanzania kinu cha mkono cha kukamulia alizeti, kitu ambacho mtu mmoja au wawili wangeweza kukiendesha kijijini pasipo umeme wala dizeli. Kinu kile kilitaka mbegu za ganda laini. Ukitia mbegu za ganda gumu, nguvu ziliishia kwenye maganda, na mafuta mengi yakabaki katika mashudu. Kwa mama aliyesukuma mkono wa kinu, mbegu njema ilikuwa ile iliyokubali nguvu za mkono wake. Aina ya Record, yenye asili ya Rumania, ilifaa kazi hiyo. Tena ilikuwa na fadhila nyingine: mkulima aliweza kuteua vichwa vizuri na kuweka mbegu ya msimu ujao.

Baada ya mwaka 1969, Mfaransa Patrice Leclercq alipopata alizeti isiyotoa chavua yenye uhai, mlango wa alizeti chotara ulifunguka. Chotara huzaa sana na hukomaa kwa pamoja. Lakini ukipanda mbegu ulizozitoa katika chotara, watoto hawafanani na mama yao, na hivyo inakupasa urudi dukani kila mwaka. Silaani jambo hilo. Aliye na mvua ya uhakika, na duka lililo karibu, na fedha mkononi, atafaidika. Lakini yule wa Singida ambaye mvua yake huenda ikakatika mwezi wa pili, fedha ile anaiweka kama mtu anayecheza kamari. Mbegu ile ile ni msaada kwa mmoja na deni kwa mwingine.

Tusipokubali jambo hili tutakuwa tumesahau Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Mwaka 1946 wataalamu walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa wakiwa angani kwa ndege, wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni tatu zingeweza kulimwa karanga. Kazi ilianza mwaka 1947. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Nayo karanga, kama ajuavyo kila mtoto wa shule, huzaa chini ya ardhi. Mvua nazo zilikuwa chache. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Karanga zenyewe hazikuwa na dhambi. Hadi leo wakulima wa Dodoma hupanda karanga kwa jembe, katika vipande vya ardhi wanavyovijua, nao huvuna. Wagogo walioishi pale walijua ni wapi udongo unakuwa sakafu na ni mwaka gani mvua hukimbia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, nasema basi kwamba hakuna jema lililo jema mahali pote? Hasha. Huko Kanada palilimwa mmea wa jamii ya haradali, ambao mafuta yake wakati wa vita yalilainisha mitambo ya meli. Mafuta hayo yalikuwa na asidi iitwayo eruki, ambayo majaribio ya wanyama yalionyesha kuwa inaweza kuudhuru moyo. Na mashudu yake yalikuwa na viini vikali vilivyodhuru mifugo. Keith Downey wa Saskatchewan na wenzake walikata kipande cha mbegu moja, wakakipima mafuta yake, kisha wakaipanda sehemu iliyobaki na chipukizi lake. Baldur Stefansson wa Manitoba akatoa mwaka 1974 aina ya Tower, isiyo na madhara hayo mawili, na ndiyo mwanzo wa kile kinachoitwa kanola. Kuondoa kinachodhuru ni jema Kanada, na ni jema Songea. Kutodhuru ni sheria ya watu wote. Lakini baada ya sheria hiyo, mambo mengine yote, kama siku za kukomaa, ugumu wa ganda, namna ya kuvuna na bei ya mbegu, lazima yaamuliwe pale yatakapoishi. Mwalimu anaijua tofauti hii: kumpiga mtoto hata umuumize ni kosa katika kila shule, lakini somo lililomfaa mwana wa mvuvi huenda lisimfae mwana wa mfugaji.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Tabia ya kutokuwa na viini vile vikali ilitoka katika aina moja ya Poland iitwayo Bronowski. Aliyeipanda zamani kule kwao hakujua kwamba siku moja ingehitajika ng'ambo ya bahari. Kama wema wa mbegu hutegemea mahali na wakati, basi mbegu tunayoidharau leo huenda ikawa njema mahali tusipopafikiria. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wapo waliolielewa jambo hili hadi kufa. Jeshi la Ujerumani lilipouzingira mji wa Leningrad kuanzia Septemba 1941, watafiti wa taasisi iliyojengwa na Nikolai Vavilov walibaki wakilinda mbegu zilizokusanywa kutoka pembe nyingi za dunia. Njaa iliua watu kwa mamia ya maelfu. Aleksandr Shchukin, mtaalamu wa karanga, alikufa mezani pake, naye alikuwa miongoni mwa chakula. Vavilov mwenyewe alifia gerezani mwaka 1943. Wapo watakaosema kuwa huo ulikuwa upumbavu, kwa kuwa uhai wa mtu ni mkubwa kuliko gunia la karanga. Nami singethubutu kumwamuru mtu mwingine afe hivyo. Lakini naielewa sababu yao. Hakuna aliyeweza kusema ni punje ipi isiyo na kazi, na kwa hiyo hakuna aliyejiona ana haki ya kuila.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mtu akikuletea mbegu na kukuambia ni bora, mshukuru, kisha muulize: bora wapi, kwa jembe gani, kwa mfuko wa nani, na msimu ukiharibika nani atalala njaa? Akiweza kujibu, ipande. Lakini ile ya zamani iweke ghalani.