Bawa Jipya na Upepo Mdogo

Vijana wa leo husimama juu ya ubao, wameshika mikononi tanga lililojazwa hewa, na chini ya ubao pana mlingoti wenye bawa lizamalo majini. Bawa likienda, maji huliinua. Wala si mwujiza, ni sheria ya Mwumba. Mwendo ukipungua nusu, nguvu ya kuinua hubaki robo tu. Kwa hiyo ajaribuye bawa jipya siku ya upepo mdogo na achague lililo pana, aubonyeze ubao kwa miguu, taratibu, mpaka utoke majini. Mwenye haraka huulaumu upepo, naye huanguka. Tena asiende mbali na ufuo. Nani ajuaye saa ya kukoma upepo? Ukikoma, ubao hushuka, na itampasa kulala juu yake akipiga maji kwa mikono, pengine hata giza.